Kuhamia Nyumba Isiyokwisha Kujengwa

Mtu apitaye Kangemi kwa barabara kuu ya Waiyaki, itokayo mjini Nairobi kwenda Kikuyu, Naivasha na Nakuru, ataona jambo ambalo si geni katika nchi hii. Ataona nyumba ya mawe ya ghorofa nne au tano, nondo zake zingali zimesimama juu kama miwa shambani, madirisha ya juu hayana vioo, na kuta hazijatiwa rangi. Lakini chini ya nyumba hiyo hiyo nguo za watoto zimeanikwa, moshi watoka mlangoni, na mama mmoja auza sukumawiki barazani. Nyumba haijakwisha, na watu wamo ndani.

Wako wasemao kuwa jambo hili ni ujinga. Si kweli. Wengi wahamiao hivyo ni watu wenye akili, nao wamepiga hesabu zao vizuri. Lakini hesabu ya fedha ni moja, na hesabu ya uhai ni nyingine, na mara nyingi ile ya pili husahauliwa. Yafaa kila mtu ajengaye, awe mjini au shambani, ajue ni kazi zipi zaweza kungoja baada ya kuhamia, na ni zipi zisizoweza kungoja hata siku moja.

DESTURI YA WAZEE

Kuingia haraka katika nyumba mpya si jambo lililoletwa na mji. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya desturi za Wakikuyu kilichopigwa chapa mwaka wa 1938, ameeleza kwamba zamani nyumba ya Mkikuyu ilipaswa kujengwa na kuingiwa kwa siku moja. Miti, kamba na nyasi vilikusanywa kwanza. Siku ya kazi ilipofika, majirani na jamaa walikuja pamoja. Wanaume walisimamisha nguzo na kufunga paa, wanawake walileta nyasi za kuezekea, na kabla ya usiku moto uliwashwa ndani. Nyumba isiyolaliwa usiku ule ilihofiwa kuwa pepo wabaya wangeweza kuifanya makao yao.

Waluo nao, mtu anapoanzisha boma jipya, walikuwa na desturi ya kwenda mahali hapo na mkewe na mwanawe wa kwanza, pamoja na jogoo, shoka na moto, na kusimamisha kibanda cha kulala siku ile ile. Pwani mambo yalikuwa namna nyingine. Katika miji kama Lamu nyumba za mawe na chokaa zilijengwa kwa muda mrefu, na jamaa waliongeza vyumba na ghorofa kadiri binti zao walivyokua na kuolewa. Chokaa hukauka pole pole, wala haikubali kuharakishwa.

Msomaji ataona kuwa desturi hizi mbili zina akili moja ndani yake. Nyumba ya miti na nyasi yaweza kuingiwa siku ile ile, kwa kuwa ikisimama imesimama, na hakuna kitu ndani yake kinachongoja kupata nguvu. Nyumba ya mawe na chokaa yataka subira. Shida ya siku hizi ni kuwa watu wengi hujenga kwa saruji, na huhamia kama waliojenga kwa nyasi.

KANGEMI ILIVYOFIKA HAPA

Kangemi haikuwa sehemu ya mji tangu mwanzo. Ilikuwa ardhi ya Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu, nayo ilikuwa mashamba ya viazi, mahindi na migomba. Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliamuru watu wa wilaya za Wakikuyu wakusanywe katika vijiji. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishwa katika vijiji vipya zaidi ya 800. Wengi walipewa siku chache tu za kujenga, na nyumba zao za zamani zikachomwa moto. Akina mama walilala na watoto chini ya paa zisizokwisha kuezekwa, mvua ikiwanyeshea. Wazee wengi wa Kiambu walikumbuka kuwa huko ndiko kuhamia nyumba isiyokwisha kulikokuwa kwa nguvu, si kwa hiari.

Katika miaka hiyo hiyo vipande vya mashamba viliunganishwa, vikapimwa, na wenyewe wakaandikishwa. Kisha, mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka wa 1963, Kangemi iliingizwa katika mji ambao ukawa na eneo la karibu kilomita za mraba 690. Kwa hiyo Kangemi ina tabia yake peke yake. Haifanani na Kibera, ambako ardhi kwa sehemu kubwa ni ya serikali; katika Kangemi wenye ardhi wengi wana hati zao, walizorithi kwa baba na babu. Shamba likagawanywa kwa wana, na wana wakajenga vyumba vya mbao na mabati vya kupangisha. Wapangaji walikuja kutoka pande zote, na wengi sana kutoka nchi ya Waluhya. Baadaye mabati yakaondolewa, na nyumba za mawe za ghorofa zikaanza kupanda juu, ghorofa baada ya ghorofa, kadiri fedha zilivyopatikana.

HESABU YA MWENYE NYUMBA

Chukua mfano wa mtu mwenye mke na watoto watatu ambaye amepanga vyumba viwili. Na iwe kodi yake ni shilingi 8,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mmoja atalipa shilingi 96,000, na ikiwa anajenga pole pole kwa miaka mitatu, atalipa shilingi 288,000. Fedha hizo hazitamrudia kamwe. Akihamia katika nyumba yake mara ipatapo paa na mlango, fedha hizo zitanunua madirisha, sakafu na rangi. Tena akiwapo mahali pa kazi, saruji yake haitaibwa usiku, wala fundi hatachanganya mchanga mwingi na saruji kidogo bila kuonekana.

Mwenye nyumba ya kupangisha naye ana hesabu yake. Ghorofa ya chini ikipata wapangaji, kodi yao hununua mawe ya ghorofa ya pili, na ya pili hujenga ya tatu. Wako wengi wasiokopeshwa na benki, na kwao hiyo ndiyo benki pekee. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata serikali imewahi kukubali njia hii. Mwaka wa 1975 serikali ya Kenya na Halmashauri ya Mji wa Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, walianza mpango wa Dandora, mashariki ya mji. Viwanja vipatavyo 6,000 vilipimwa kwa watu wa mapato madogo. Jambo la kutazamwa sana katika mpango ule ni hili: wengi waliopewa viwanja hawakupewa nyumba. Walipewa choo na mahali pa kuogea, vilivyokwisha kuunganishwa na mabomba ya maji safi na ya maji machafu. Vyumba walitakiwa kujijengea wenyewe, mkononi mwao, kwa muda wao.

Ndiyo kusema, wataalamu wale walijua kuwa watu watahamia kabla ya nyumba kwisha, nao hawakuwazuia. Lakini walichagua kitu cha kutangulia, na kilichotangulia kilikuwa choo na maji, wala si sebule. Hilo ni fundisho kubwa kwa kila mjenzi.

SARUJI HAIKAUKI KAMA UDONGO

Watu wengi hudhani kuwa saruji hupata nguvu kwa kukauka juani, kama tofali la udongo. Sivyo. Saruji hushikana na maji, na kushikana huko ndiko kunakoipa nguvu. Zege likinyimwa maji siku za kwanza, huonekana gumu kwa juu, lakini ndani ni dhaifu, na baadaye hupasuka. Kwa sababu hiyo zege jipya lafaa kufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa au kwa nailoni, na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7 kwa uchache.

Wataalamu hupima nguvu ya zege baada ya siku 28. Siku ya 7 huwa limepata kama theluthi mbili tu za nguvu hiyo. Tena baridi huchelewesha kazi. Kangemi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,800, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti jua halionekani kwa siku nyingi. Zege lililomwagwa Julai lahitaji kungojewa zaidi kuliko lile la Februari.

Uzito wa kitu hiki nao haufai kudharauliwa. Sakafu ya ghorofani ya chumba kimoja cha mita 3 kwa mita 3, yenye unene wa sentimita 15, ina uzito upatao kilo 3,240. Huo ni uzito wa karibu magunia 65 ya saruji yakining'inia juu ya kitanda cha mtoto. Mpaka zege lipate nguvu, kinachoushika uzito huo ni zile nguzo za miti zilizosimamishwa chini yake. Mafundi waangalifu huziacha nguzo hizo kwa siku 21, na zaidi wakati wa baridi. Mwenye nyumba aziondoaye siku ya kumi ili apate mahali pa kuweka kitanda, au azitoaye moja moja kwa kuni, anacheza na mauti.

Hatari nyingine ni kupakia mizigo juu ya sakafu changa. Mawe, mchanga na saruji za ghorofa ifuatayo hurundikwa mahali pamoja, na tangi la maji huwekwa pembeni. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano. Sakafu yenye umri wa wiki mbili haikuandaliwa kubeba mzigo huo.

UNYEVU NA JIKO LA MAKAA

Ukuta uliopigwa plasta jana umejaa maji. Maji hayo hutoka pole pole kwa majuma mengi, na yakikosa njia ya kutoka huzaa kuvu, ile alama nyeusi au ya kijani katika pembe za chumba na nyuma ya kabati. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka wa 2009 kuwa unyevu na kuvu ndani ya nyumba huongeza magonjwa ya kifua na pumu, na waumiao zaidi ni watoto na wale ambao vifua vyao ni dhaifu tangu zamani.

Sasa tazama namna hatari moja inavyoivuta nyingine. Nyumba ni mbichi, na usiku wa Julai ni baridi. Madirisha hayana vioo, kwa hiyo yamezibwa kwa magunia na nailoni. Mama aona watoto watetemeka, akaleta jiko la makaa ndani, akafunga mlango, wakalala. Makaa yaunguapo mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haionekani, wala hainuki. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa ambayo mwili hutumia kuishi. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha hulala usingizi mzito ambao wengi hawaamki. Watu wengine wakiona jambo hili husema nyumba mpya imerogwa, au kwamba wazee hawakuombwa. Haikurogwa. Jiko liliingizwa ndani, na hewa ikazuiwa.

Kwa hiyo jiko liwashwe nje, na likae nje. Kuta zikaushwe kwa upepo. Madirisha na milango ifunguliwe mchana kutwa. Rangi ya mafuta isipakwe juu ya plasta mbichi, maana hufunga maji ndani, kisha hubanduka. Ikiwa yawezekana, kazi ya plasta ipangwe ili wiki nne za kukauka ziangukie Januari au Februari, si katikati ya mvua za masika za Machi hadi Mei.

CHOO, MAJI NA UMEME

Familia yaweza kuishi miezi sita bila dari, wala isipate madhara. Bila choo haiwezi kuishi hata siku moja pasipo kumdhuru jirani. Kangemi iko katika miteremko iendayo kwenye vijito vya Mto Nairobi, ambao chanzo chake ni bwawa la Ondiri, huko Kikuyu. Uchafu wa aliye juu humfikia aliye chini. Kipindupindu na homa ya matumbo havitambui ua wala hati ya shamba.

Mahali ambapo bomba la maji machafu lapita, choo kiunganishwe nalo kabla ya siku ya kuhamia. Mahali ambapo halipo, shimo lichimbwe, lijengewe, na lifunikwe kwa zege imara, likiwa mbali na kisima kwa mita 30 kwa uchache. Shimo lililoachwa wazi, au lililofunikwa kwa mabati makuukuu likingoja fedha za mwisho wa mwezi, ni kaburi lililo tayari kwa mtoto achezaye uani. Hata pipa la maji ya kujengea lafaa kuwa na kifuniko, kwa maana mtoto mdogo huweza kuzama katika maji machache sana.

Umeme ni jambo jingine. Katika nyumba zisizokwisha nyaya huning'inia ukutani, na mara nyingi umeme umeazimwa kwa jirani kwa waya mwembamba uliotambazwa juu ya mabati. Ukuta wenye maji hupitisha umeme, na mabati hupitisha zaidi. Mtoto mwenye miguu mitupu juu ya sakafu mbichi akishika ukuta huo, huenda asipate nafasi ya kulia. Afadhali taa ya jua kwa miezi miwili, kuliko waya wa kuazima kwa usiku mmoja. Waya wa nyumba utiwe na fundi mwenye leseni, upimwe, na ndipo umeme uwashwe.

WATU CHINI, MAFUNDI JUU

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya nyumba za kupangisha, ambamo wapangaji wakaa chini na mafundi wangali wakijenga juu yao. Jiwe huanguka. Ubao huanguka. Ngazi hazina vikingio, na watoto hupanda kutazama kazi. Lakini ovu la kweli lajificha katika msingi. Mwenye nyumba alikusudia ghorofa mbili, msingi ukachimbwa kwa ghorofa mbili. Kodi zikaja vizuri, naye akaongeza ya tatu, kisha ya nne, kisha ya tano. Msingi haujui habari za kodi. Wajua uzito tu.

Nairobi imekwisha kuonywa kwa machozi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, nyumba ya ghorofa sita ilianguka Huruma, nao waliokufa walizidi 40. Wakuu wa serikali walisema baadaye kuwa nyumba ile ilikuwa imekwisha kutajwa kuwa haifai, na kuwa ilistahili kubomolewa. Lakini watu walikuwa wakilala humo na kulipa kodi. Mtoto mchanga alitolewa katika kifusi akiwa hai baada ya saa zipatazo 80. Tarehe 6 Desemba 2019 nyumba nyingine ya ghorofa sita ilianguka Tassia, katika Embakasi, na watu wapatao 10 wakafa. Huko Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya mji lilianguka na kuua watu 36.

Mpangaji naye ana neno la kusema kabla ya kulipa. Na atazame juu. Akiona nguzo za miti chini ya sakafu, au nyufa pana katika nguzo za zege na kwenye pembe za milango, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa wakwama, asikubali kuambiwa kuwa ni kawaida ya nyumba mpya. Ufa mwembamba wa plasta, mfano wa unywele, si kitu. Ufa upitao katika jiwe lenyewe au nguzo, na uongezekao mwezi hata mwezi, ni habari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, walisema wazee. Na katika nyumba ya ghorofa tano, huenda asibaki wa kujenga.

SHERIA YASEMAJE

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata makao yafaayo na usafi wa kiasi kinachostahili. Papa Francis, alipozuru kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi hapo Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, alinena juu ya haki hiyo hiyo, haki ya watu wote kupata ardhi, makao na kazi. Lakini haki hii haiji peke yake. Yafuatana na wajibu.

Anayejenga Nairobi yampasa kuwa na ramani zilizokubaliwa na serikali ya kaunti, kwa sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka wa 2019. Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, huandikisha kazi za ujenzi, makandarasi na mafundi. Kazi ikiendelea, wakaguzi hupaswa kutazama msingi kabla haujafunikwa, na nondo kabla zege halijamwagwa. Mwisho hutolewa cheti cha kukalia nyumba. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni ya mwaka wa 1921, yampa Bwana Afya uwezo wa kuingia na kukagua nyumba iliyo na uchafu au iliyo hatari kwa afya.

Wengi humwona mkaguzi kuwa ni mtu wa kutafuta makosa, au wa kutafuta chai. Mkaguzi atakaye chai ashitakiwe. Lakini kosa lake halibadili uzito wa zege. Mwenye nyumba anunuaye muhuri bila ukaguzi amejidanganya mwenyewe kwa fedha zake. Cheti ni karatasi tu. Kitu cha thamani ni macho ya mtu ajuaye, yaliyotazama nondo kabla hazijafichwa milele.

MAMBO YA KUTIMIZA KABLA YA KULALA NDANI

Mtu asiyeweza kungoja mpaka nyumba iishe kabisa, na ayatimize haya kwanza:

1. Sakafu zote za zege zilizo juu ya vichwa vya watu ziwe zimepita siku 28, na nguzo za muda ziwe zimeondolewa na fundi mwenyewe kwa utaratibu.

2. Paa liwe limekwisha na kupigiliwa sawasawa, na maji ya mvua yawe na mfereji wa kuyapeleka mbali na msingi.

3. Choo kiwe kinatumika, nalo shimo liwe limefunikwa kwa zege.

4. Maji safi yawe na mahali pa kuwekwa penye kifuniko.

5. Ngazi, baraza na roshani ziwe na vikingio, hata kama ni vya mbao kwa sasa.

6. Mlango mmoja uwe na kufuli imara, na kila chumba cha kulala kiwe na dirisha linaloweza kufunguliwa na kupitisha hewa.

7. Nyaya za umeme ziwe zimetiwa na kupimwa na fundi mwenye leseni, au umeme usiwepo kabisa.

8. Saruji, misumari, nondo na vioo viwe vimefungiwa mahali ambapo watoto hawafiki. Vumbi la saruji likichanganyika na jasho huunguza ngozi na macho.

9. Kama kazi yaendelea juu, asilale mtu yeyote chini ya sehemu ile inayojengwa.

Kazi zifuatazo zaweza kungoja: dari, vigae, rangi, makabati, ua la mawe, lango la chuma, hata plasta ya nje. Hakuna aliyekufa kwa kukosa rangi. Vyumba viwili vilivyokwisha vyema ni bora kuliko vyumba vinane vilivyokwisha nusu nusu. Kwa hiyo asiye na fedha nyingi na amalize upande mmoja wa nyumba, auzibe mlango wa kwenda upande wa pili, na watoto wakatazwe kuuvuka.

Na ikiwa baba yu mbioni kuhamia kwa sababu ya kodi, mke na mume wakae pamoja na fundi wahesabu upya. Mara nyingi tofauti kati ya nyumba ya hatari na nyumba ifaayo ni kodi ya mwezi mmoja au miwili tu. Katika mfano uliotolewa juu, huo ni mshahara wa shilingi 8,000 au 16,000 wa kununua usingizi wa watoto watatu. Gharama ya kumlaza mtoto mmoja hospitalini kwa ugonjwa wa mapafu yaweza kuzidi hapo, na nyumba iangukayo haina hesabu.

Wazee walipowasha moto katika nyumba mpya kabla ya usiku, walikuwa wametimiza yote ambayo nyumba ile ilihitaji ili iwe salama: nguzo zilikuwa zimekaza, na nyasi zilikuwa zimefungwa. Mjenzi wa leo katika Kangemi, au Kawangware, au mji wowote wa Afrika Mashariki, aweza kuishika desturi yao kwa namna ifaayo siku hizi. Na aitimize kwanza ile kazi iwezayo kuua, kisha afungue mlango, awaite majirani na mchungaji, wamshukuru Mungu, na chai inywewe hata kama kuta hazina rangi. Nyumba itakwisha siku yake, na wenyewe watakuwapo kuiona.